Haki ya Pigo la Kwanza

Nchi yenyewe sitaitaja, kwa sababu wenye nchi hawapendi kutajwa, wanapenda kusifiwa. Nitasema tu kwamba ni nchi ya amani kubwa, na kwamba katika amani hiyo, Jumanne moja saa nne asubuhi, watu watatu wenye mapanga waliingia kwenye mashine ya kusaga ya Sikitu Mlagala wakitaka mota.

Sikitu alikuwa mjane wa miaka arobaini na moja. Mashine ile aliachiwa na marehemu mumewe, naye akaiendesha pamoja na mdogo wake Yoramu, mwanamume mzima wa miaka thelathini na sita, mpole, aliyezoea kuimba huku akimimina mahindi, ingawa hakuna aliyewahi kumsikia kwa zile kelele. Siku hiyo Sikitu ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Panga lilipomjia alikinga uso kwa mkono wa kulia, na vidole vitatu vikaanguka kwenye beseni la unga wa mteja. Hakupiga kelele. Alikimbilia stoo ya pumba, akajilaza nyuma ya magunia, mkono ameukandamiza tumboni, akachungulia kwenye ufa wa mbao.

Mashine ilikuwa bado inaunguruma. Alimwona Yoramu amepiga magoti mbele ya mmoja wao, mtu mrefu mwenye mwanya mpana. Yoramu alikuwa anazungumza. Hakuwa analia, alizungumza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Yule mrefu aliinamisha kichwa upande, akamwacha amalize. Kisha akacheka, mwanya wote nje, akamkata shingoni. Akamkata tena. Pigo la tatu lilikuwa la kazi bure, lakini alilipiga vilevile.

Ndipo wakazima mashine. Kwa muda wa nusu saa Sikitu aliwasikia wakifungua nati, wakiulizana spana namba kumi na saba iko wapi, mmoja akilalamika kwamba sakafu inateleza. Walipoondoka, damu ya Yoramu ilikuwa imefika hadi stooni, pumba zikainywa.

Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mkuu wa kituo, Inspekta Sadala, alikuja kwa miguu, akatazama, akatikisa kichwa kwa uchungu.

"Wamekimbia na pikipiki," alisema. "Sisi gari letu halina mafuta. Ungewachelewesha kidogo, mama."

"Yule mwenye mwanya nikimwona nitamjua, afande. Popote."

"Vizuri sana. Ukimwona, mlete."

*

Siku ya tatu hospitalini alitembelewa na Waziri wa Haki na Machozi. Zamani wizara hiyo ilishughulikia haki peke yake. Machozi yaliongezwa baada ya wananchi kulalamika kwamba waathirika wa uhalifu wamesahauliwa. Waziri aliitwa Mheshimiwa Dakta Kishindo, mtu mnene mwenye leso kubwa nyeupe, na nyuma yake walikuja wapiga picha tisa.

"Wananchi!" alisema, ingawa wodini kulikuwa na wagonjwa tu. "Tazameni mkono huu!"

Akaushika mkono wa Sikitu kwenye bandeji, akaunyanyua juu kwa nguvu zote za dola. Nyuzi zikafumuka. Damu ikashuka kwenye mkono wa shati la Waziri hadi kwenye kiwiko, na wapiga picha wakamwomba asimame hivyo hivyo dakika moja zaidi. Sikitu akazirai. Picha ilitoka nzuri mno. Kabla ya wiki kwisha ilikuwa imebandikwa kwenye kila ukuta wa nchi, na maneno chini yake: DAMU HII NI YAKO.

Alipozinduka, Waziri alikuwa anafuta mkono.

"Mheshimiwa, mtamtafuta lini?"

"Nani huyo, mama?"

"Aliyemuua mdogo wangu."

"Mama yangu, tusikimbilie mambo madogo," Waziri alimwambia kwa upole. "Kwanza tutunge sheria."

Sikitu hakubisha. Moyoni alikuwa na jambo moja tu, nalo hakumwambia mtu. Alitaka kujua Yoramu alisema nini pale alipopiga magoti. Yeye alikuwa amelala kwenye pumba hatua kumi tu kutoka pale, na hakusikia. Kama mdogo wake alimwita, hakusikia. Kama alisema "mwacheni dada yangu," hakusikia. Duniani aliyebaki na maneno yale ni mtu mmoja mwenye mwanya.

*

Mjadala wa Kitaifa wa Ukali ulifanyika bungeni, na Sikitu akaketishwa katikati ya ukumbi juu ya kiti kirefu ili kila mbunge aweze kumwonyesha kidole anapomtetea.

Mbunge wa kwanza alipendekeza majambazi wafungwe miaka thelathini. Akazomewa. Wa pili alisema miaka sitini, akaulizwa kama ana ndugu jambazi. Wa tatu alitaka miaka mia mbili. Mfungwa akifa, mifupa yake ibaki selo kumalizia. Bunge likapiga meza. Wa nne akalia, akasema miaka haiumi, kinachouma ni rungu, na mhalifu apigwe hadharani mpaka afe. Hapo meza zilipigwa hadi mbili zikavunjika.

Kisha akasimama mbunge mmoja, bibi mzee, muuguzi mstaafu, akaomba kuuliza swali dogo: mwaka uliopita, kati ya majambazi waliofanya uhalifu, wangapi walikamatwa?

Wabunge wakageuka kumtazama Waziri.

"Swali hilo," alisema Waziri Kishindo, akijipangusa macho, "linamdhihaki mama huyu."

"Simdhihaki, ndio nataka aliyemkata apatikane. Rungu utampiga nani kama hujamka..."

Hakumaliza. Mbunge aliyekaa nyuma yake alimpiga na kiatu kisogoni, wa pembeni akamrukia, na baada ya hapo Sikitu aliona migongo tu ya suti, na mikono ikipanda na kushuka. Walipotawanyika, bibi yule alikuwa chini ya meza, taya limekwenda upande mmoja na meno yake ya bandia yako upande mwingine. Wahudumu walimburuta nje kwa miguu. Karani wa Bunge aliandika kwamba mheshimiwa ametoka ukumbini kwa hiari yake.

Sheria ikapita siku hiyo hiyo bila mpinzani. Ilisema kwamba mhalifu wa damu atapigwa hadi kufa uwanja wa mpira, mbele ya watu. Ilisema kwamba mwathirika ana haki ya kupiga pigo la kwanza, na kwamba mwathirika asiyetumia haki yake ametenda kosa la jinai. Na kwa kuwa waathirika wameonewa vya kutosha, fungu la nne likatamka kwa herufi kubwa: MWATHIRIKA HAKOSEI.

*

Sasa sheria ilikuwepo, mhalifu hakuwepo. Lakini siku kumi na nne baadaye Inspekta Sadala alimwita Sikitu kituoni kwenye gwaride la utambuzi. Kwa uhaba wa watu, gwaride lilikuwa na mtu mmoja.

Alikuwa fundi baiskeli, jina lake Nyakunga. Walimkamata kwa sababu alikutwa na spana namba kumi na saba. Alikuwa amefungwa kwenye kiti, jicho moja limevimba na kufunga kabisa.

"Siye," alisema Sikitu.

"Tazama vizuri, mama."

"Yule alikuwa mrefu, afande."

"Huyu naye alikuwa mrefu. Amekaa mahabusu wiki mbili."

"Yule alikuwa na mwanya."

Inspekta Sadala aliingiza kidole gumba kinywani mwa fundi, akamnyanyua mdomo wa juu. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, na ufizi ulikuwa bado unavuja.

"Mwanya huu hapa."

Nyakunga alimtazama Sikitu kwa lile jicho lililobaki. Ulimi ulikuwa umemjaa mdomoni.

"Siye," Sikitu alirudia, lakini safari hii sauti ilitoka ndogo.

Inspekta akavuta kiti, akakaa, akazungumza kama baba. "Sikiliza, mama. Sheria inasema mwathirika hakosei. Kwa hiyo anayekosea si mwathirika. Wewe kama si mwathirika, basi hakukuwa na uhalifu. Na kama hakukuwa na uhalifu, mdogo wako hakuuawa na mtu. Itabidi tuandike amejiua kwa panga. Kanisa lenu mnajua wenyewe wanaojiua mnawazika wapi. Tutamfukua, mama. Mimi mwenyewe sipendi kufukua."

Karatasi ilikuwa mezani. Kwenye mkono wa kulia wa Sikitu vilibaki kidole gumba na kidole cha mwisho. Alitia dole gumba.

Wakati anatoka alisikia nyuma yake mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, halafu mwingine, halafu mwingine. Hakugeuka. Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba mtuhumiwa amekiri kumpiga marehemu risasi sita.

*

Sherehe ya Ukali ilifanyika Jumamosi adhuhuri. Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya nguzo za taa. Kulikuwa na bendi ya tarumbeta, kwaya nne, na Kikosi cha Ukali, vijana na watu wazima arobaini waliovaa sare mpya za kijani. Kikosi kiliajiriwa kwa haraka. Tangazo la kazi lilihitaji watu wenye uzoefu wa kupiga bila kusita, na likaahidi kwamba hawataulizwa uzoefu huo waliupata wapi.

Tangu asubuhi watu walikuwa wakifundishwa kuitikia. Waziri akisema "Mwathirika!" uwanja mzima ulijibu "Hakosei!" Walikwisha kuitikia mara mia na zaidi, na sasa walikuwa wakiitikia hata bila kuanzishwa.

"Ndugu wananchi," Waziri Kishindo aliunguruma, "kuna mataifa yanayopima maendeleo kwa shule. Yapo yanayopima kwa barabara. Sisi tumechagua kupima kwa machozi, na leo machozi ya mama huyu yanakauka rasmi!"

Nyakunga alikuwa amefungwa kwenye mlingoti wa goli, mikono nyuma. Sikitu aliletewa rungu, na likaanguka, kwa sababu vidole viwili havishiki rungu. Askari mmoja wa kikosi akatumwa kumfunga kwa mpira wa baiskeli. Alipiga goti mbele yake, akazungusha mpira kwenye kifundo cha mkono, akavuta.

"Imekaza, mama?"

Akainua uso, akatabasamu. Mwanya ulikuwa mpana vilevile.

Yule mtu hakumkumbuka hata kidogo. Alikuwa akimtazama kama unavyomtazama mteja.

"Mashine ya kusaga," Sikitu alisema kwa sauti ya chini. "Jumanne. Yule aliyekupigia magoti. Alikuambia nini?"

"Mashine zipo nyingi, mama."

"Yenye mota nyekundu."

"Aah," alisema yule mtu, kama aliyekumbushwa jina la rafiki wa zamani. "Yule." Akageuka kidogo kulitazama jukwaa la wakubwa, akaona hakuna anayewasikiliza. Akafunga fundo la mwisho. "Basi wewe piga kwanza, mama. Tukimaliza hapa nitakuambia alichosema."

Sikitu alitembea hadi golini. Ni hatua ishirini, na katika hatua zote hizo, kweli nakuambieni, alikuwa amekwisha kuamua kupiga. Pigo moja tu, angempiga begani. Halafu angejua.

Mtu wa redio alisogeza kipaza sauti ili nchi nzima isikie rungu likitua. Sikitu akainua mkono.

"Dada," alisema Nyakunga. Maneno yalimtoka yakipuliza kwenye pengo la meno. "Mimi natengeneza baiskeli."

Rungu lilibaki juu. Uwanja ulinyamaza, maelfu ya watu wakisubiri mlio. Sikitu alikitazama kile kipaza sauti, akakiegemea.

"Siye," alisema. Sauti yake ikazunguka uwanja mzima. Akageuka, akanyoosha lile rungu lililofungwa mkononi mwake hadi likamlenga mtu mrefu mwenye sare ya kijani. "Ni huyu."

Waziri alisimama. "Wananchi, mama amechoka, jua kali..."

"Hakosei!" uwanja ukamjibu.

"Nasema mama amechanganyiki..."

"HAKOSEI!"

Yule mwenye mwanya alianza kukimbia. Alikuwa na miguu mirefu, akafika katikati ya uwanja kabla uzio haujaanguka. Watu walimiminika kutoka pande nne. Wa kwanza kumfikia alimpiga na kiti cha plastiki, kikapasuka. Wa pili alikuwa na tofali. Sikitu alikimbia nyuma yao, rungu likimgonga pajani, akipiga kelele: "Msimuue! Hajanijibu! Msimuue bado!"

"Mpisheni mwathirika!" mtu akadakia. "Anataka haki yake! Mpisheni!"

Wakampisha. Ndani ya duara yule mtu alikuwa amelala chali, mguu mmoja umekunjika pasipokunjika, na utosi wake umefunguka. Sikitu alipiga magoti. Akamwinamia mpaka akanusa damu yake.

"Alisema nini? Niambie. Alisema nini?"

Macho ya yule mtu yalimtafuta, yakampata.

"Sikusikia, mama," alisema. "Mashine... ilikuwa inaunguruma."

Sikitu alipoinuka, watu walidhani amemaliza, wakarudi kazini. Walimpiga hadi sare ya kijani haikuonekana tena ilikuwa rangi gani. Baadaye Sikitu hakukumbuka kama naye alipiga au la. Rungu lilikuwa na damu, lakini siku ile kila kitu kilikuwa na damu.

Na kwa kuwa wananchi wa nchi ile wanajifunza haraka, mambo hayakuishia hapo. Mzee mmoja aliyevunjiwa nyumba alimnyooshea kidole mkuu wa wilaya, akapaza sauti: "Mimi mwathirika! Ni yule!" Mkuu wa wilaya akaangukia kwenye tarumbeta. Mama mmoja akamnyooshea kidole jirani yake, jirani akamnyooshea yeye, na wote wawili wakapigwa, kwa kuwa hakuna aliyekosea. Inspekta Sadala alivuliwa mkanda, akanyongwa nao kwenye mwamba wa goli la pili. Waziri wa Haki na Machozi, kwa mujibu wa taarifa rasmi, aliondoka kwa mwendo wa heshima. Waliokuwepo wanasema alitolewa ndani ya ngoma kubwa ya bendi. Taarifa hiyo ilisema pia kwamba sherehe ilifana, na kwamba wahalifu kumi na saba ambao serikali haikuwa ikiwafahamu walijitokeza na kuadhibiwa papo hapo.

*

Katika vurugu hizo Sikitu alirudi golini, akazifungua kamba za Nyakunga kwa meno na mkono wa kushoto. Wakatoka lango la nyuma, wakipita juu ya viatu vya watu. Hakuna aliyewauliza kitu.

"Kule kituoni," Nyakunga alisema walipofika kwenye kivuli cha ukuta, "nilikusikia unasema siye."

"Nilisema."

"Mara ngapi? Masikio yalikuwa yanavuma."

"Mara mbili. Ya tatu nilitia dole gumba. Karatasi iliandikwa ni wewe, nami nikatia dole gumba. Nilipotoka nikasikia wanakuvunja, sikugeuka."

Waliendelea kutembea, Nyakunga akichechemea, mpaka wakafika kwenye meza ndogo iliyowekwa chini ya mwavuli. Hapo alikaa karani wa wizara, kijana nadhifu, akijaza fomu kana kwamba kelele za uwanjani ni za mechi.

"Wewe ndiye Nyakunga? Ngoja, usipite. Mwathirika ametamka kwamba si wewe, na mwathirika hakosei. Maana yake ulipigwa bure. Maana yake wewe sasa ni mwathirika. Hongera sana, ndugu." Akagonga mhuri. "Una haki ya kumnyooshea mtu mmoja kidole. Nyoosha, niandike."

Nyakunga aliinua mkono. Vidole vyote vinne vilikuwa vimepinda kila kimoja upande wake, kama tangawizi.

"Havinyooki."

"Taja basi kwa mdomo."

"Walionivunja ni polisi."

"Hao ni serikali. Hii nafasi ni ya jina la mtu." Karani akafunua jalada, akapitisha kalamu. "Lakini hapa naona kuna mtu aliyetia dole gumba kwamba muuaji ni wewe. Bila huyo usingefungwa golini. Mlagala S. Unamfahamu?"

Sikitu alisimama palepale, rungu bado limefungwa mkononi. Nyakunga aligeuza shingo taratibu, akamtazama kwa lile jicho moja. Uwanjani kulikuwa na mtu anapiga mayowe, kisha mayowe yakakatika.

"Nipe muda nifikirie," alisema Nyakunga.

"Sheria inakupa siku saba. Ya nane, haki isiyotumika ni kosa la jinai." Karani akamkabidhi nakala, na kwa sababu mikono yake haikuweza kuipokea, akamchomekea kwenye mfuko wa shati.

Wakaenda hadi barabara ilipoanza kuteremka.

"Siku ya saba utamtaja nani?" Sikitu aliuliza.

"Sijui, dada. Kweli sijui." Alisimama, akapapasa hewani mbele yake. "Jicho nalo limeanza kujaa damu, sioni njia. Nipe mkono."

Akampa wa kushoto, wakateremka.